Singe Isiyo na Ala

Uwase binti yangu,

Saa hizi ni saa tisa alasiri na wewe haupo. Kesho asubuhi unapanda basi la Kigali, na kutoka Kigali unapanda ndege, na mchana wako wa mwisho hapa Gisenyi umeamua kwenda kuumalizia kwa Papa Bahati, fundi saa. Umeniambia ukiwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi: "Baba, nawahi kumuaga mzee, halafu napitia Kanama kwa shangazi. Nitarudi kula." Nikasema nenda mwanangu, msalimie. Mdomo ndio uliosema hivyo. Moyoni nilitaka kufunga mlango na kukaa na ufunguo mfukoni.

Nakuandikia hapa kazini, juu ya meza ya mashine ya kunoa. Mwenye bucha ameniletea visu vinne, nimemwambia arudi keshokutwa, amenuna. Mama yako ameshakuambia ya koti, ya dawa, ya kupiga simu kila Jumapili, sitayarudia. Nilitaka kukuandikia barua ya baba mwenye busara. Nimechana karatasi mbili. Zilikuwa na maneno mazuri kweli, ila hazikuwa na ukweli ndani. Hii ya tatu ni ya ukweli, na ukweli wenyewe ni kwamba mimi baba yako ni mtu wa wivu, na kwa wivu huo niliwaficha kitu wewe na Papa Bahati kwa miaka sita. Nitakuambia ni kitu gani. Niache nianzie mbali kidogo, maana naogopa kufika.

Singe ya kwanza niliipata ukiwa bado unabebwa mgongoni. Watu wa Kanama walikuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, wanachimba mtaro, jembe likagonga chuma. Mtu wa usalama akaja, akakitazama, akaandika kwenye daftari lake, akasema hiki ni chuma cha mababu, hakina kesi. Mwenye jembe akaniletea mimi, kwa kuwa kila mtu sokoni ananijua kwamba ni fundi wa kunoa visu. Nilikipokea nikakigeuzageuza. Kule Karagwe tulikokulia kabla ya kurudi nchini, bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani, za askari waliopita na bunduki zenye kisu mbele. Sasa kisu chenyewe kilikuwa mkononi mwangu, kimeliwa na kutu, kirefu kama mkono wa mtoto.

Nikafanya nilichojua kufanya. Nilikiweka kwenye jiwe.

Nilikisaga mchana kutwa, nikapita na tupa, nikapita na msasa, nikamalizia na kitambaa na majivu. Kikang'aa hadi wenye bucha wakawa wanakuja kujitazama meno. Nikakitundika ukutani kwenye banda langu. Mama yako hakutaka kiingie nyumbani, na sikumuuliza sababu. Kwenye nchi hii hakuna anayemuuliza mwanamke wa umri wake kwa nini hataki bapa refu ndani ya nyumba. Likabaki bandani. Habari ikaenea kwamba mnoaji wa sokoni anapenda vyuma vya Wadachi, na kila aliyechimba kiazi Mudende akakutana na chuma aliniletea mimi. Singe, majambia, hata mikasi ya kukatia manyoya ya kondoo. Saba nilivisaga hivyohivyo, Uwase. Saba vyote, mpaka vikawa havina hata alama.

Si kweli, alama moja ilikuwa inabaki. Kwenye viwili vitatu maandishi yalikuwa yamezama sana, jiwe halikuyafikia yote. Niliweza kusoma neno moja: SOLINGEN. Likaja kwenye cha pili, likaja kwenye cha nne. Nikajiambia huyu Solingen alikuwa ofisa gani mzembe hivi, kupoteza visu vyake vyote kwenye milima yetu! Nikamtungia na maisha. Nikawa nawasimulia wateja: Bwana Solingen alikuwa mnene, alipenda pombe, alikimbia hapa akiwa amelewa, ndiyo maana alikuwa anaangusha silaha kila kilima. Watu walicheka sana. Nilikuwa na sifa ya kusimulia kuliko ya kunoa.

Ulikuwa na miaka tisa saa yangu ya mkono iliposimama kwa vumbi la chuma. Mimi mwenyewe ndiye niliyekutuma kwa fundi saa wa karibu na Petite Barrière, pale mpakani na Goma. Kumbuka hilo, sikuporwa mtoto, nilimpeleka. Ulitoka hapa saa nne, ukarudi saa kumi, vidole vimejaa mafuta ya taa, na ulikuwa unaongea bila kuvuta pumzi. Papa Bahati ana singe! Papa Bahati ana kile kioo cha jichoni! Papa Bahati amesema usisugue, weka mafuta, ngoja, futa na uzi! Bandani walikuwapo wateja watatu, na mimi nilikuwa katikati ya habari zangu za Bwana Solingen. Ukanivuta shati.

"Baba, Solingen si mtu. Ni mji. Ndiko walikovitengeneza."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nilicheka nao, nikakupapasa kichwa. Lakini wivu wangu kwa yule mzee ulizaliwa pale, mbele ya watu watatu na visu vya bucha.

Nisikudanganye kwamba ulikuwa wivu mdogo. Mimi nilikuwa na vyuma kumi na viwili ukutani, yeye alikuwa na kimoja ndani ya kitambaa cha kanga. Na wewe kila ukitoka shule ulikuwa unavipita kumi na viwili vyangu kwenda kukitazama kile kimoja. Nilikuwa nakuona kupitia tundu la bati, mfuko wa shule unarukaruka mgongoni, hata hugeuki.

Siku moja nilikufuata. Nilijifanya nimekuja kuchukua saa. Mlikuwa mmeinamisha vichwa pamoja juu ya meza yake, wewe umebana kile kioo kwenye jicho, ulimi nje. Yeye alikuwa anaongea polepole, Kiswahili chake cha Goma, kama mtu anayemlisha mtoto.

"Angalia hapa juu ya mugongo ya bapa. Unaona nini?"

"Taji. Na herufi W."

"Njo ile. W ni ya mufalme yao. Chini yake namba mbili, njo mwaka walikagua. Sasa hapa, jina ya fundi na mji. Sasa kuja hapa katikati, mbele ya mupini. Soma."

"Tano, K, mia moja kumi na mbili."

"Bon. Kombania ya tano, singe ya mia moja kumi na mbili. Na ala yake walipiga namba ileile. Bilitoka pamoja, walimupatia mutu mumoja."

Ukamuuliza jina la huyo mtu. Nakumbuka alivyovua miwani yake.

"Jina hawakuandika, mama. Alikuwa askari mweusi, mutu ya hapa hapa ao ya Tanganyika. Tate yangu, baba ya baba yangu, alikuwa anabeba mizigo yake. Alikufa njiani, Tate akabakia na singe, ala ikapotea. Ya huyu mutu imebaki namba tu."

Nilisimama mlangoni na sikubisha hodi. Nilikuwa nafikiria ukuta wangu. Saba. Kama kila singe ilikuwa na namba, na namba ndiyo pekee iliyobaki ya mtu, basi mimi nilikuwa nimesaga watu saba, nikamalizia na majivu. Baba mwenye moyo mzuri angeingia ndani pale na kusema, mzee, nifundishe na mimi. Mimi nilirudi bandani, nikakasirika siku mbili, na nilipoulizwa nina nini nikasema ni tumbo.

Badala ya kujifunza mchana, nilijifunza kwa wizi. Ulikuwa na daftari lako la jalada la kijani. Ukilala mchana wa Jumapili nilikuwa nalichukua, nasoma. Hapo ndipo nilipojua kwamba mnoaji akisaga bapa la zamani anaondoa thamani yake yote, na kwamba herufi zilizopigwa kwa nyundo zina kingo tofauti na zilizochorwa kwa asidi. Ulikuwa umechora singe ya Papa Bahati kurasa nne. Juu yake uliandika kwa kalamu nyekundu: 5 K 112, INATAFUTWA ALA. Kuhusu vyangu ulikuwa umeandika mstari mmoja: "Vya Baba vimefutika." Hukuandika kwa ubaya, najua. Roho iliniuma hata hivyo.

Utakumbuka jambia lenye tai. Mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka alikuja nalo, mpini mweusi wenye tai, na maneno marefu kwenye bapa yanang'aa kama ya jana. Alilipeleka kwanza kwa Papa Bahati, akalikataa. Mimi niliposikia amelikataa ndipo nilipolitaka. Nikatoa baiskeli yangu, Uwase, ile ya breki za chuma, nikalileta nyumbani nimelificha kwenye koti, nikakungoja kama kijana anayengoja mchumba. Ulilishika kwa ncha za vidole. Ukasoma, ukanitafsiria: yote kwa ajili ya Ujerumani. Ukaniambia waliokuwa wanavaa haya si wale waliofika kwetu, ni wa baadaye, walioua watu kwa mamilioni, na kwamba maneno haya walikuwa wanayavaa kiunoni wakienda kufanya kazi hiyo. Halafu ukaweka kioo chako jichoni, ukasema kwa huruma kwamba hata hivyo si la kweli, herufi zimechomwa juzi juzi. "Na lingekuwa la kweli, Baba, nisingetaka kulishika." Nilitembea kwa miguu mwaka mzima.

Ningeweza kukuambia kwamba nilijifunza pale. Sikujifunza. Nilizidi.

Sasa nimefika. Miaka sita iliyopita, ukiwa na miaka kumi na sita, nilikuwa nazunguka Cyanzarwe na jiwe la mkono, nanoa mundu na visu nyumba kwa nyumba. Kwenye nyumba moja karibu na mpaka kulikuwa na bibi mzee msuka vikapu. Alinipa kisu chake, nikakaa kwenye kigogo nikaanza kunoa, na yeye akaendelea na kazi yake. Sindano zake za kusukia alikuwa anazichomoa kwenye kitu kirefu cha chuma, cheusi, chenye mdomo mpana na kifundo mwishoni. Nikauliza, bibi, hicho ni nini? Akasema ni cha baba mkwe wake, alikikuta humo ndani alipoolewa, kinatunza sindano vizuri. Nikaomba nikione. Nikatemea mate kidole gumba, nikafuta mdomoni pake.

5 K 112.

Nilisoma mara tatu. Badala ya ala ile nilimpa bibi kisu kipya kabisa cha kwangu, nikamnolea vyote alivyokuwa navyo, nikamtafutia kopo la sindano, akafurahi, akaniombea baraka. Na njia nzima ya kurudi, amini usiamini, nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa nakiona kichwani: naingia kwa Papa Bahati, nakiweka mezani, naondoka bila kusema neno. Nilijiona mtu mkubwa sana mimi. Nilikuwa naongea peke yangu barabarani.

Nikafika kwenye kona ya duka lake. Mlango ulikuwa wazi. Mlikuwa mnacheka, sijui mnacheka nini, na wewe ukamshika begani ukasema, "Papa, angalia!"

Najua kwamba wazee wote waliotoka ng'ambo wanaitwa Papa. Najua ni heshima tu, wewe ungemwita Papa hata muuza mkaa. Nilijua siku ile pia. Lakini mimi unaniita Baba kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, na yeye ulimwita Papa kwa sauti ile. Nikapita na ala yangu kwapani. Nikasema moyoni, nitampelekea kesho.

Niliifunga kwenye gunia, nikaitia chini ya dumu la maji linalodondokea jiwe la kunolea, kwa sababu hapo hakuna anayegusa. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa masika. Kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi, maana sasa nisingeeleza ala tu, ningeeleza na siku.

Halafu mkaanza kuitafuta. Unakumbuka likizo ile mliyozunguka Mudende na Cyanzarwe, wewe na yeye, na fimbo yake, mnauliza nyumba kwa nyumba? Yule bibi alikuwa ameshafariki, watoto wake wamehamia kwingine. Mlirudi hapa bandani mmelowa mvua, matope magotini. Nilikuvua koti, nikakupa chai ya maziwa, nikakuuliza, "Mmepata?" Ukatikisa kichwa. Nilikuuliza hivyo nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye dumu. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linalonirudia nikiwa nimekaa peke yangu. Wala si kuficha. Ni ile chai.

Na masika yaliyopita ulikuja hapa unalia, ukaniambia Papa Bahati amefunga duka, haoni tena mishale ya saa, daktari amesema hakuna la kufanya. Nilikushika, nikasema pole. Nataka ujue kwamba ndani ya pole ile kulikuwa na kitu kidogo, kama punje, kilichofurahi. Sasa hawezi tena kumwonyesha kitu. Ndivyo nilivyowaza. Nilishtuka mwenyewe. Nakuandikia haya ili siku wivu ukikushika huko, usijidanganye kwamba unataka haki, au kwamba unalinda kilicho chako. Mimi nilijidanganya hivyo miaka sita na nilikuwa naonekana mtu mwema tu, watu wananisalimia.

Nimefikiria kufanya hivi: ukirudi utaikuta ala hapa mezani, imefunikwa na barua hii, nawe kesho kabla ya basi umpelekee, umweleze utakavyoona vema.

*

Nimeacha kuandika, nikausoma mstari huo wa mwisho. Haya imenipata. Yaani hata aibu yangu nataka wewe uibebe, na mizigo yako yote. Nimefungua gunia. Naenda mwenyewe.

*

Nimerudi. Ni saa kumi na mbili kasoro, bado hujafika kutoka Kanama.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, uso kwenye jua. Nilikohoa tu.

"Papa Uwase," akasema. "Karibu. Mutoto ametoka hapa sasa hivi, ao mumepitana?"

Papa Uwase. Baba wa Uwase: miaka kumi na mitatu ndivyo anavyoniita, mwanangu, na sikuwahi kusikia. Kila aliponiona alikuwa ananikumbusha wewe ni wa nani, na mimi masikio yangu yalikuwa yamejaa vumbi la chuma.

Sikukaa. Nilimwekea ala mapajani. Akaishika, akaipapasa kutoka kwenye kifundo kwenda juu, taratibu, mpaka mdomoni. Akatafuta namba kwa ukucha wa kidole gumba. Aliisoma kwa ukucha, tarakimu moja moja, na midomo yake ikatembea. Wanawake wa mpakani walipita na ndoo zao, wakamsalimia, hakuitika.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwangu. Chini ya dumu la maji."

"Myaka ngapi?"

"Sita."

Akageuza uso upande wangu. Unajua bado hugeuza kama anayeona.

"Myaka sita, macho yangu ilikuwa ingali muzuri."

Nilitaka anitukane. Angenitukana kwa lugha zake zote tatu ningeshukuru. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya chini, bila hasira: "We ni mutu mubaya, Papa Uwase." Nikasema ndiyo, mzee. Halafu akaniambia niingie ndani, chini ya mto, nilete kanga.

Kwa hiyo niliishika, Uwase, singe uliyoichora kurasa nne. Ni mara yangu ya kwanza kuigusa. Ni ya kahawia, laini, haing'ai hata kidogo, na kila herufi ipo. Taji lipo. Jina la fundi lipo, na Solingen, mji wako mpya, upo. Mia moja kumi na mbili ipo, na kwenye ala mia moja kumi na mbili. Nilimshikisha mpini mkono wa kulia, ala mkono wa kushoto, nikamwongoza mpaka ncha ikakaa mdomoni. Akasukuma yeye mwenyewe.

Iliingia nusu. Ikakwama.

Maji ya dumu, mwanangu. Miaka sita tone kwa tone, gunia likawa linanyonya na ala inanyonya, na ndani yote imevimba kutu. Ningeileta siku ileile kutoka kwa yule bibi, ilikokaa kavu na sindano zake, singe ingeingia yote. Nilitaka kuipiga kwa kiganja ishuke, ndivyo nilivyozoea, chuma kikikataa nakilazimisha. Akanidaka kifundo cha mkono. Mzee yule ana nguvu kuliko unavyodhani.

"Acha! Usisukume. Ukisukuma utaharibu byote mbili." Aliivuta nje polepole, akaifuta na upindo wa shati lake. Akakohoa. "Mutoto anaenda kusoma nini kule Bulaya?"

"Kutunza vyuma vya kale," nikasema. "Kutoa kutu bila kufuta maandishi."

"Bon," akasema. "Basi tutangoya mutoto."

Nilikaa chini hapo hapo kwenye ngazi. Alisema tutangoya, si nitangoya, Uwase, wala sijui kama alifikiri kabla ya kusema. Tulikaa mpaka jua likashuka. Nilipoinuka akaniuliza kama unajua. Nikasema nakuandikia. Akasema, "Muandikie vile iko. Usisugue."

Ndivyo nilivyofanya. Sijasugua. Barua hii nitaiweka kwenye begi lako chini ya sweta alizokufumia mama yako, uipate ukishafika. Jioni hii tutakula, nitakupa kipande kikubwa cha samaki, nitakutania, na hutajua. Nisamehe hilo nalo, nilitaka mlo mmoja zaidi ukiwa bado unanitazama kama unavyonitazama sasa. Ukishasoma, ukasirike kadiri unavyotaka. Usinipigie simu siku hiyo kama huwezi.

Vyangu saba vilivyofutika nimevishusha ukutani. Nitavinoa niwape wenye bucha, maana ni visu tu sasa. Vitano vilivyobaki na alama nimevitia mafuta na kuvifunga vitambaa, na singe na ala ziko kwake chini ya mto, mbalimbali, zinakungoja. Huko utakuta mabapa mengi yanayong'aa kwenye vioo, na watu wanaojua jina la kila fundi aliyeyatengeneza. Waulize na namba. Waulize alipewa nani.

Na jambo moja nimeshakubaliana naye kabla sijaondoka. Ukituandikia, andika barua moja, kwetu wote wawili, kwa karatasi, kwa herufi kubwa, kwa sababu macho yangu nayo si ya jana. Nitaipeleka kwake, nitakaa kwenye ngazi ile, nitamsomea mimi. Usiogope, sitaruka kitu. Nitamsomea yote kama ulivyoandika, neno kwa neno, hata pale utakapomwita Papa.

Nasikia sauti yako barabarani, unasalimiana na mwenye bucha. Nafunga hapa.

Baba yako